Saa Tatu ya Bi Zuwena

Mara ya mwisho mlipokuja kwangu hapa Ibra mliniuliza kazi ipi ilinielemea zaidi: ualimu, ujumbe wa baraza, au uhazini. Mmoja wenu akasema "kazi gani kilikuwa kigumu," nami nikapoteza birika zima la kahawa kumsahihisha, na jibu lenyewe likapotelea humo humo. Bibi yenu alinilaumu mlipoondoka. Alisema watoto wanakuja kutafuta maneno ya mtu mzima, wewe unawapa ngeli. Basi leo nakuandikieni, kwa sababu kwenye karatasi hakuna wa kunitia hasira.

Uhazini ndio ulionielemea. Na msidhani nilikalia makasha ya dhahabu. Nilipomaliza ujumbe nilifanywa mweka hazina wa falaji ya kijiji chetu, huku njia ya Samad. Nyinyi mnaijua falaji kwa kuogelea tu. Maji yanatoka chini ya mlima, yanakuja kwa mfereji mpaka mashambani, na kila mwenye mitende ana zamu yake ya kuyafungulia. Zamu isiyo na mwenyewe ni ya falaji yenyewe. Hupigwa mnada, na kinachopatikana husafishia mfereji. Anayesimamia hayo kwa Kiarabu huitwa kabidh, yaani mpokeaji. Kwa Kiswahili, kukabidhi ni kumtia mtu kitu mkononi. Nilipopewa kazi ile nilicheka peke yangu: neno hilo hilo kwa lugha ya baba yangu ni kupokea, na kwa lugha ya mama yangu ni kutoa. Sikujua kwamba nitatakiwa kufanya yote mawili kwa siku moja, mbele ya watu.

Nianze na skuli, maana huko ndiko nilikomjua Hilal.

Mimi nilichelewa kuja Oman. Wenzangu wa Unguja walitangulia miaka mingi, mimi nikabaki Tanga nikifundisha hesabu mpaka ndevu zikaanza mvi. Nilipofika Ibra, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Kiarabu changu kilikuwa cha msikitini na cha kupunguziwa bei. Wanafunzi walinipenda kwa sababu nilikuwa nikiwachekesha bila kukusudia. Siku moja niliwatangazia mtihani. Nikawaambia kwa Kiarabu, kesho saa mbili, asiyekuja shauri yake. Asubuhi nikasimama darasani na chaki yangu, viti vitupu. Mtoto mmoja tu kakaa mbele, kalamu kashaichonga. Huyo ndiye Hilal.

"Wenzako wako wapi?" nikamuuliza.

"Wanasubiri saa mbili, ustadh."

"Na hii saa ngapi?"

"Kwetu hii ni saa nane. Kwako ndiyo saa mbili. Mimi najua saa zako zimepinduka. Jirani yetu katoka Zinjibari, naye ndivyo alivyo."

Nyinyi mnacheka, lakini nusu yenu mnaishi na saa mbili kichwani na hamjui. Nyumbani kwa bibi saa mbili ni ya chai ya asubuhi, ukitoka mlangoni saa mbili ni ya chakula cha mchana. Siku ile mwalimu mkuu aliniita akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa. Nilifanya mtihani upya, na Hilal nikampa alama za ziada kwa kutumia akili. Nilimpenda mtoto yule, na sitaficha. Kwenye darasa la vijana arobaini, mwalimu humpata mmoja anayemfanya ajisikie hajapoteza chaki.

Ujumbe wa baraza ulinijia bila ya kuutafuta. Jamaa walitaka mtu wa kwenda Maskati kuisemea wilaya, na nusu ya waliokuwa na haki ya kuchagua nilikuwa nimewasomeshea watoto wao. Hilal wakati huo keshakuwa mfanyabiashara, ana duka la pampu na mabomba, ana gari jipya. Alinichukua kijiji kwa kijiji, sabla kwa sabla, yaani zile baraza za wageni ambamo mambo yetu yote huamuliwa. Alikuwa akitangulia kuingia, akisema, "Huyu ustadh wangu," na watu wananisogezea mto. Nikipindua neno la Kiarabu, yeye analinyoosha kabla watu hawajacheka. Bila ya Hilal nisingekwenda Maskati, na sote wawili tulilijua hilo.

Kule nilijifunza jambo moja ambalo limenifaa kuliko vitabu. Mara ya kwanza niliposimama kusema nilikuwa na karatasi nyingi, nikasoma habari ya barabara zetu mpaka nikasikia watu wanakohoa. Mzee mmoja wa Nizwa, mjumbe wa siku nyingi, akanikalisha pembeni wakati wa kahawa. Akasema, "Ustadh, darasani unasema jambo mara tatu ili asiyejua ajue. Hapa kila mtu anajua. Sema mara moja, ukae, umtazame aliyenyamaza. Huyo umfuate mlangoni." Nimewafuata mlangoni watu wengi sana tangu siku ile, na barabara tulizipata kwa njia hiyo, si kwa hotuba.

Na mkija kupewa hazina ya watu, hata kama ni ya timu ya mpira, sanduku liwe na funguo mbili. Mmoja uwe nao wewe, wa pili apewe mtu asiyekupenda. Rafiki atakuamini, na kuaminiwa kunaleta uvivu. Asiyekupenda atakuja kila mara sanduku linapofunguliwa, hata akiwa na homa.

Sasa Bi Zuwena. Huyu alizaliwa Bujumbura, baba yake mtu wa kijiji chetu aliyekwenda kufanya biashara asirudi. Vita vya kule vilipochacha, Bi Zuwena akaja, mjane, mtu mzima, binti yake akabaki Kigoma kwa mumewe. Alikuta nyumba ya baba yake, mitende kidogo, na zamu ya maji ambayo baba yake mdogo alikuwa ameitunza mpaka alipokufa. Mitende ile ndiyo ilikuwa riziki yake yote. Hakuwa na mwana hapa, wala mshahara.

Wiki niliyopewa uhazini nilipita kuwasalimu wenye maji, mmoja mmoja. Kwake nilifika asubuhi, na nikasimama pale mlangoni. Makuti yalikuwa yamekauka kutoka chini kupanda juu, na udongo umepasuka.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu ndani, huko nje hamna tena kivuli."

"Maji yako yana nini?"

"Yameondolewa."

"Kayaondoa nani?"

"Mimi mwenyewe, ndivyo wasemavyo."

Akanieleza pole pole, anakunja na kukunjua pindo la kanga. Mimi nilipokuwa Maskati, kijiji kilikuwa kimeamua kuacha desturi ya kivuli. Zamani, uwanjani pale msikitini kulikuwa na mti uliosimikwa na mawe yaliyopangwa chini. Kivuli kikifika kwenye jiwe fulani, zamu inabadilika, na kibarua wa falaji anakwenda kumgongea mwenye maji. Vijana wakasema huo ni ushamba, tutumie saa za mkononi. Kila mwenye zamu akaitwa sabla aitaje kwa saa.

"Mimi nilikuwa nikisubiri kugongewa ukuta tu," alisema. "Basi ile siku kabla ya kwenda nimeitizama saa yangu nilipogongewa. Saa tatu. Nikaenda nikawaambia kwa Kiarabu, as-saa thalatha. Wakacheka, Mwalimu. Wakasema saa tatu ni maji ya wakfu wa msikiti, wewe mama unataka kumwibia Mungu? Nikaona haya, nikarudi nyumbani."

"Na hukusema tena?"

"Ningesema kwa maneno gani? Nikaona labda ndiyo desturi ya hapa, asiyezaliwa hapa hana maji."

Nilitazama saa yangu. Ilikuwa saa tatu na kitu asubuhi. Nyuma ya ukuta wake maji yalikuwa yakipita, tunayasikia wote wawili, yanakwenda shamba la jirani. Niliona uchungu ambao sijauona tangu nimzike mama yangu, kwa sababu mwanamke yule hakuwa amekosea hata neno moja. Saa tatu yake ilikuwa ile yangu na ya bibi zenu, jua likiwa limepanda. Wale walioandika walisikia saa tatu yao, ile ya alasiri. Zamu yake ya asubuhi ikabaki haina mtu, ikahesabiwa ya falaji, ikapigwa mnada. Aliyeinunua, mwaka baada ya mwaka, ni Hilal.

Nilimwendea Hilal kwanza, nyumbani. Jambo unaloweza kumwambia mtu chumbani usimwambie kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Hilo nalo lichukueni. Aliniletea halua, akanimiminia kahawa kwa mkono wake, na mimi nikamweleza.

"Ustadh," akasema, "mimi nimenunua mnadani, mchana, mbele ya jamaa. Nimepanda ndimu, nimepanda majani ya mifugo. Anayedai alete shahidi."

"Shahidi mmoja ninaye. Alikuwa akikaa kiti cha mbele."

Aliinamisha kikombe, akakitikisa kidogo kama tunavyofanya tukitosheka, ingawa alikuwa hajanywa.

"Yale yalikuwa ya utotoni," akasema.

Nilitoka pale nikijua kwamba nimempoteza, na kwamba bado sijamsaidia Bi Zuwena.

Ijumaa ile nilisema sabla, mara moja, nikakaa, kama mzee wa Nizwa alivyonifunza. Nilieleza habari ya hesabu hizi mbili za saa mpaka mtoto mdogo angeelewa. Halafu mzee mmoja wa jamaa, mtu wa heshima tena si mbaya, akasema, "Ustadh, tunakupenda. Lakini wewe na yeye ni watu wa Sawahil, na watu wa Sawahil hawaachani. Tuletee shahidi ambaye si wa lugha yenu."

Nimekuwa mwalimu wao, mjumbe wao, na nilikuwa nimeshika ufunguo wa sanduku lao. Neno lile likanionyesha kwamba kote huko nilikuwa mgeni aliyekaribishwa vizuri. Nilimtazama aliyenyamaza. Hilal alikuwa ameegemea ukuta, anaitazama bakora yake. Neno lake moja lingetosha, na ningeweza kuwasimulia hadithi ya mtihani hapo hapo nikamvua nguo. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikaurudisha, kwa sababu ushahidi wa kulazimishwa angeukana, na watu wangesema mwalimu kamtukana mwanafunzi wake kwa ajili ya Mswahili mwenziwe.

Kijijini alikuwepo mtu mmoja ambaye hakuna aliyemfikiria. Ni Arif Mbarak; arif kwa Kiarabu ni mtambuzi wa zamu, na yeye ndiye aliyekuwa akisoma kivuli tangu ujana wake. Mtu mwenye mali, mwenye sauti, na mwenye kiburi cha kutosha wilaya mbili. Siku walipoamua kutumia saa aliapa hatakaa tena katika sabla inayotazama mikono yake badala ya jua, akajifungia kwake. Alikuwa haendi hata kwenye arusi.

Nilikwenda kwake siku tatu mfululizo kabla hajanifungulia mlango wa ndani. Sikumtajia Bi Zuwena hata mara moja, maana angesema ndiyo mliyoyataka. Nilimwambia mimi ni mwalimu mzee na nimekuwa kabidh bila kujua kusoma kivuli, na naona aibu, anifundishe mawe yake. Akasema, "Aibu ni yako kweli." Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, akatoka msikitini akasimama penye mawe yake, na watu wote wakakusanyika kumtazama, maana hawakuwa wamemwona kwa muda mrefu. Wanawake walisimama upande wa ukuta, na Bi Zuwena miongoni mwao.

Nikamuuliza kama ninavyomuuliza mwanafunzi, hatua kwa hatua.

"Arif, ulipokuwa kijana kulikuwa na saa kijijini?"

"Ilikuwepo moja, ya babangu."

"Jua likitua alikuwa akiiweka ngapi?"

"Kumi na mbili. Angeiweka ngapi? Siku imekwisha."

"Basi kwa saa ya babako, saa tatu ya mchana jua linakuwa wapi?"

Akainua bakora kuelekea mashariki, juu kidogo ya mlima. "Pale. Watu wanarudi kutoka mashambani kula."

Hapo nikasikia watu wameanza kunong'ona. Mzee yule wa jamaa akavuta ndevu. Nikaendelea.

"Na jua likiwa pale, kivuli kinafika wapi?"

"Jiwe refu."

"Na maji ya jiwe refu yalikuwa ya nani?"

Akanikunjia uso kama aliyeulizwa jina la mamake. "Ya Salim bin Nasor, aliyekwenda Afrika. Baada yake nikimgongea mdogo wake, na baada yake nikimtuma kibarua kwa binti. Ya nani tena?"

"Mbona hukusema siku zote hizi?" mzee wa jamaa akauliza.

"Mlikuwa mnazungumza saa. Nani aliniuliza habari ya jiwe?" Kisha akageuka upande wa wanawake, na sauti yake ikashuka. "Binti Salim, wewe ulisema saa ngapi?"

"Saa tatu, baba," Bi Zuwena akajibu kwa Kiarabu chake.

Arif Mbarak akawatazama jamaa mmoja mmoja. "Huyu kasema saa ya baba zenu, na nyinyi mmemcheka."

Mimi nilikuwa nimepanga maneno ya kumalizia, mazuri, kama mjumbe. Niliyaacha. Nilimwona Bi Zuwena kajifunika uso kwa buibui na mabega yake yanatikisika, nikawa sioni vizuri na mimi. Hapo hapo nikafungua sanduku, na mwenye ufunguo wa pili, ambaye hanipendi mpaka leo, akaufungua wa kwake bila ya kunung'unika. Tukamrudishia Hilal cha mnada wa mwisho, tukamrudishia Bi Zuwena maji yake. Hilal alipokea, akasema "Mungu akuzidishie," akaondoka. Tangu siku ile akikutana nami ananipa salamu kamili kama sheria inavyotaka, na baada ya salamu hana neno.

Ningependa kukuambieni kwamba mitende ilipona yote. Ilipona baadhi. Bi Zuwena alipata misimu miwili ya tende, akaniletea kikapu kila msimu, na kila mara ananipa kabla sijakaa. Halafu ikaja ile miaka ya ukame ambayo wazee wenu wanaikumbuka. Falaji ikapungua, ikawa kama kamba, ikakatika. Mweka hazina wa maji yasiyokuwepo ni mtu wa kusikitisha. Watu wananiuliza zamu zao njiani na mimi nawaonyesha mbingu. Maji ya kunywa yakaletwa na malori.

Bi Zuwena aliugua katika ukame ule. Nilipokwenda kumtazama aliniambia, "Mwalimu, mvua ikija mimi sitakuwepo. Binti yangu yuko mbali. Wasije wakasema tena hayana mwenyewe." Nikamwambia nimekabidhiwa. Alifariki kabla ya mwezi kwisha, tukamzika kando ya baba yake mdogo.

Mvua ilichelewa, kisha ikaja ya kuangusha kuta. Asubuhi moja kibarua wa falaji akapita akiita njiani kwamba maji yamefika. Watu walitoka mbio, vizee na watoto, wanatia miguu mferejini. Mimi nikachukua jembe langu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba zamu ya Bi Zuwena nitaifungua mwenyewe mpaka binti yake atakapokuja au atakapotuma mtu, maana nilijua mvua ya kwanza kila mtu anakuwa na kiu ya mwaka mzima, na shamba la marehemu halina mdomo. Nilikuwa na hofu, nasema kweli. Jirani wa shamba lile ni Hilal, na ndimu zake zilikuwa zimekufa nusu.

Nilipopinda kona ya ukuta nilimkuta yeye. Kanzu kaifunga kiunoni, yumo matopeni mpaka magotini, jembe mkononi. Kizibo cha udongo cha upande wake kilikuwa kimeshindiliwa imara. Kizibo cha upande wa Bi Zuwena alikuwa amekivunja, na maji yalikuwa yakiingia kwenye mitende yake iliyobaki, mekundu kwa udongo, yakienda shina kwa shina.

Aliniona, hakuacha kulima.

"Maji yana mwenyewe, ustadh," akasema.

Nilivua viatu, nikashuka mferejini upande wa pili, tukayaongoza mpaka zamu ya Bi Zuwena ilipokwisha.